Kitabu na Amri: Historia ya Miongozo ya Unix na Warithi Wake

Kazi ya fundi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutengeneza chombo. Ya pili ni kumweleza mtu mwingine jinsi chombo kile kinavyotumika. Sehemu ya kwanza huleta sifa, na kwa hiyo watu huikimbilia. Ya pili huleta manufaa yasiyosifiwa, na aghalabu huachwa kiporo. Jembe halihitaji maelezo mengi, maana umbo lake laonyesha kazi yake. Kompyuta haina umbo la namna hiyo. Mtu aketiye mbele yake huandika neno moja fupi, na neno hilo laweza kunakili barua, au kufuta kazi ya mwaka mzima pasipo kuuliza. Kati ya neno na tendo hapana kitu cha kutazamwa kwa macho. Pana maandishi tu, yasemayo kwamba neno hili hufanya hivi. Maandishi hayo yakiwa ya kweli, mtu hufanya kazi yake kwa amani. Yakiwa ya uongo hupotea, na mara nyingi hajui kuwa amepotea mpaka hasara imekwisha fika.

Habari za maandishi hayo, tangu yalipoanza kupangwa kwa utaratibu mpaka leo, ni habari za swali moja ambalo kila kizazi cha mafundi kimelijibu kwa namna yake: kitabu kikisema hivi na programu ikatenda vile, ni kipi kati ya viwili chenye makosa?

Katika mwaka wa 1969 maabara ya Bell, huko Murray Hill katika jimbo la New Jersey, Marekani, ilijitoa katika mradi mkubwa ulioitwa Multics, ambao iliushughulikia pamoja na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric. Wachache katika wataalamu waliobaki bila mradi walianza kujitengenezea mfumo mdogo wao wenyewe. Ken Thompson aliuanza katika mashine ndogo ya PDP-7, na Dennis Ritchie akashirikiana naye. Mfumo huo ndio ulioitwa Unix. Walipotaka mashine iliyo kubwa zaidi, walieleza kwamba wataitumia kwa kazi ya kupanga maandishi. Na kweli, watu wa kwanza kuutumia mfumo huo nje ya kundi lao walikuwa wapiga chapa wa idara ya hataza, waliokuwa wakitayarisha maombi ya kusajili uvumbuzi. Basi tangu siku zake za kwanza Unix ilikuwa na ujamaa na karatasi. Programu iliyoitwa roff, iliyorithi kazi ya Jerome Saltzer wa MIT ya mwaka wa 1964, ilipanga mistari na kurasa. Na chombo kile kile kilichopanga maombi ya hataza ndicho kilichopanga kitabu cha mfumo wenyewe.

Kitabu hicho kilitoka tarehe 3 Novemba 1971, kikiwa na majina ya Thompson na Ritchie. Yasemekana kwamba wawili hao wasingalikiandika mapema hivyo kama mkubwa wao, Douglas McIlroy, asingaliwashikilia. Kiligawanywa sehemu saba. Ya kwanza ilihusu amri ambazo mtu huziandika mwenyewe. Ya pili ilihusu miito ambayo programu huipeleka kwa kiini cha mfumo. Na zilizofuata zilihusu mambo mengine, kama umbo la mafaili na programu zilizotunzwa na watumiaji. Katika kila sehemu kurasa zilifuatana kwa alfabeti, na kila amri ilianza katika ukurasa wake. Juu ya ukurasa iliandikwa tarehe. Chini yake vichwa vilirudi kwa mpango ule ule: jina la amri, jinsi ya kuiandika, maelezo yake, mafaili inayoyagusa, kurasa nyingine za kutazamwa, na maana ya matamko yake inaposhindwa.

Mpango huu waweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini ndani yake mna hekima. Mtu atafutaye jambo moja hasomi kitabu kizima. Hufungua, hutazama, hufunga. Kwa kuwa vichwa havibadiliki, jicho lajua mahali pa kwenda. Tena, kwa kuwa kila amri ina ukurasa wake, ukurasa mmoja waweza kuondolewa na mwingine kutiwa mahali pake pasipo kuvuruga kitabu. Tarehe iliyo juu humwambia msomaji umri wa habari anazozisoma. Waliokipanga kitabu hiki walijua kwamba programu hubadilika, wakafanya kitabu kinachoweza kubadilika pamoja nayo.

Vichwa viwili vya mwisho vilikuwa vigeni zaidi. Kimoja kilitaja kasoro za amri. Chini yake mtungaji alikiri, kwa mkono wake mwenyewe, mambo ambayo programu yake haikuyafanya sawasawa, na pengine alieleza jinsi yanavyoweza kurekebishwa. Wafanyabiashara hawana desturi ya kuandika aibu ya bidhaa juu ya kifuniko chake. Lakini watu wa Murray Hill hawakuwa wakiuza. Walikuwa wakifanya kazi pamoja, na kasoro iliyofichwa ingalimdhuru jirani aliye chumba cha pili. Kichwa kingine kilitaja mwenyewe wa programu kwa herufi chache: ken kwa Thompson, dmr kwa Ritchie, jfo kwa Joseph Ossanna, rhm kwa Robert Morris. Utangulizi wa kitabu ulieleza kanuni ya umiliki huo, nayo ni kwamba mtu wa mwisho kuigeuza programu ndiye mwenyewe, hata kama si yeye aliyeitunga. Aliyeigusa ameichukua pamoja na lawama zake.

Matoleo yalifuatana upesi: la pili katika Juni 1972, la tatu katika Februari 1973, la nne katika Novemba ya mwaka huo huo, na kuendelea hadi la saba katika Januari 1979. Ni jambo la kuangaliwa kwamba mfumo wenyewe ulihesabiwa kwa matoleo ya kitabu. Watu walisema Unix ya Toleo la Sita au la Saba, maana yake Unix ile iliyoelezwa na toleo la sita au la saba la mwongozo. Kwa desturi hii kitabu hakikuwa mkia wa mfumo bali kipimo chake.

Tena McIlroy alieleza baadaye jambo lililotokea kila mara toleo jipya lilipokaribia. Mafundi walipoketi kuandika tabia ya programu, walikutana na mambo ambayo yalikuwa magumu kuelezeka, au yaliyotia haya yakielezwa. Badala ya kuyaandika yalivyo, walirudi katika programu wakayaondoa au wakayatengeneza, ili yaweze kusemwa kwa maneno machache. Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza kwa swali lililotajwa. Sentensi ikiwa ndefu na yenye masharti mengi, huenda kosa si la sentensi. Huenda ni la kitu kinachoelezwa. Uandishi haukuwa kupaka rangi nyumba iliyokwisha jengwa, bali ulikuwa timazi ya kuonyesha ukuta uliopinda.

Walakini ukweli wa ukurasa hauwezi kuzidi ujuzi wa aliyeuandika. Katika Toleo la Saba mlikuwamo kazi iliyoitwa gets, ya kusoma mstari mmoja wa maandishi na kuuweka mahali palipoandaliwa katika kumbukumbu ya mashine. Kazi hiyo haikuuliza mahali pale pana ukubwa gani. Iliendelea kujaza mpaka mstari umalizike, na mstari ukiwa mrefu kupita nafasi, ziada ilimwagika juu ya vitu vingine. Ukurasa wake ulikuwa na kichwa cha kasoro kama ilivyo desturi. Chini yake palikiriwa kwamba gets huondoa alama ya mwisho wa mstari, hali mwenzake fgets huibakiza, na kwamba tofauti hiyo ilihifadhiwa kwa ajili ya programu za zamani. Hatari ya kumwagika haikutajwa. Udhia mdogo uliungamwa, na hatari kubwa ilinyamaziwa. Wala si kwa hila, ila kwa kuwa katika nyumba ya watu wanaoaminiana hakuna aliyefikiri kwamba mtu angemlisha jirani yake mstari mrefu kwa makusudi.

Tarehe 2 Novemba 1988 mtu huyo alipatikana. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell aliachilia katika mtandao programu iliyojisambaza yenyewe kutoka mashine hadi mashine, na mojawapo ya njia zake ilikuwa huduma iliyoitwa finger, ambayo ilitumia gets. Mashine zilizokadiriwa kufika 6,000 ziliguswa, nyingine zikalemewa hata zikasimama. Mwanafunzi huyo alikuwa Robert Tappan Morris, mwana wa yule Robert Morris ambaye herufi zake zimo katika utangulizi wa mwaka wa 1971. Tangu hapo lugha ya kurasa za gets ilibadilika. Mwongozo wa Linux humwambia msomaji asiitumie kabisa. Na mwaka wa 2011 kazi hiyo iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha ya C. Miaka zaidi ya thelathini ilipita kati ya ukurasa wa kwanza na uamuzi huo wa mwisho. Kichwa cha kasoro, basi, ni mlango tu. Hakimlazimishi mtu kuingia.

Wakati huo Unix yenyewe ilikuwa imeingia katika mashindano ya leseni na hakimiliki, na mashindano hayo hayakuhusu programu peke yake. Tarehe 27 Septemba 1983 Richard Stallman alitangaza nia yake ya kutunga mfumo kamili, GNU, ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuugeuza na kuugawa. Stallman alishikilia pia kwamba programu huru yahitaji mwongozo ulio huru. Hoja yake ni nyepesi kuifahamu. Ikiwa fundi ana ruhusa ya kuigeuza programu lakini hana ruhusa ya kuugeuza mwongozo wake, basi siku anapoibadilisha programu, mwongozo huwa uongo, na sheria humkataza kuusahihisha. Huko Berkeley, katika chuo kikuu cha California, waliokuwa wakiendeleza tawi lao la Unix walikuta shida ya jinsi hiyo hiyo: kurasa nyingi zilikuwa mali ya AT&T. Ilibidi ziandikwe upya. Katika kazi hiyo Cynthia Livingston alitunga mpango mpya wa alama uitwao mdoc. Alama za zamani zilisema tu neno hili liwe na wino mzito, hili lilale. Alama za mdoc zilisema neno hili ni jina la amri, hili ni chaguo lake, hili ni faili. Ukurasa ukiandikwa hivyo, mashine yenyewe yaweza kuukagua na kuuliza maswali juu yake.

Kwa habari ya umbo la kitabu, GNU haikufuata njia ya Murray Hill. Watu wake waliona kwamba kurasa fupi za alfabeti hufaa kumkumbusha anayejua, lakini hazimfundishi asiyejua. Wakatunga Texinfo, ambayo kwayo mwongozo huandikwa kama kitabu chenye milango na mafungu, kianzacho na mepesi na kuendea magumu. Hoja yao ilikuwa ya haki. Lakini watumiaji walikwisha zoea kufungua ukurasa mmoja na kuufunga, na desturi ni ngumu kushindwa na hoja. Matokeo yake yalikuwa miongozo miwili kwa amri moja: kitabu kirefu kilichotunzwa, na ukurasa mfupi usiotunzwa. Penye vitabu viwili vya jambo moja, haipiti siku nyingi vikaanza kupingana. Kanuni za GNU huitaka kila programu ieleze matumizi yake kwa ufupi mtu anapoiandikia chaguo la msaada. Na baadaye ikatungwa programu iitwayo help2man, inayochukua maelezo hayo na kuyageuza kuwa ukurasa wa mwongozo. Kwa hila hiyo njema ukurasa hauwezi tena kusema machaguo yasiyotajwa na programu yenyewe. Lakini usahihi huo ulipatikana kwa kuacha wingi wa maelezo: kurasa za namna hii huorodhesha machaguo, kisha humwelekeza msomaji kwenye kitabu kikubwa. Kweli imo, ufafanuzi uko kwingine.

Linus Torvalds alipotangaza kazi yake ya Linux katika Agosti 1991, shida ilizidi kwa sababu ya umbali. Kule Murray Hill aliyeandika programu na aliyeandika ukurasa walikuwa mtu mmoja, au watu wa korido moja. Katika Linux kiini kilitungwa na watu waliotapakaa duniani, na kurasa za miito yake ziliwekwa katika mradi mwingine kabisa. Mradi huo ulitunzwa kwa miaka mingi na Andries Brouwer, na tangu mwaka wa 2004 na Michael Kerrisk, mzaliwa wa New Zealand aliyeishi Ujerumani. Tangu mwaka wa 2020 Alejandro Colomar aliingia katika utunzaji wake. Kazi ya mtunzaji ilikuwa kusoma msimbo ulioandikwa na wengine, kuuliza walikusudia nini, kuandika programu ndogo za kujaribu, kisha kuweka katika maneno yale aliyoyaona. Kerrisk alieleza mara nyingi kwamba kuandika ukurasa wa mwito mpya na kuujaribu kulifichua makosa ambayo mtungaji hakuyaona, na kwamba heri makosa hayo yaonekane kabla mwito haujatolewa, kwa maana ukisha tolewa hauwezi kubadilishwa pasipo kuvunja programu za watu. Ushahidi wake walingana na ule wa McIlroy, ingawa miaka thelathini na zaidi iliwatenga. Mwaka wa 2010 alitoa pia kitabu cha kurasa zaidi ya 1,500 juu ya miito hiyo ya Linux.

Mwaka huo huo lilitokea jambo lililoonyesha kwamba hata ukurasa wa kweli kabisa hauondoi mashaka yote. Kuna kazi iitwayo memcpy, ya kunakili habari kutoka mahali pamoja pa kumbukumbu hadi pengine. Siku zote mwongozo ulisema kwamba mahali pawili hapo pasiingiliane, na kwamba penye kuingiliana mtu atumie kazi nyingine, memmove. Baadhi ya watungaji wa programu hawakujali onyo hilo, wala hawakupata adhabu, kwa sababu memcpy ilikuwa ikinakili kutoka mwanzo kwenda mwisho, na kwa bahati mambo yalikwenda sawa. Kisha watunzaji wa maktaba ya glibc wakaiharakisha kwa kunakili kinyumenyume katika baadhi ya mashine. Ghafla watumiaji wa Fedora 14 wakasikia sauti zilizokwaruza katika Adobe Flash. Watunzaji wa glibc walikuwa na hoja: kitabu kilionya. Torvalds, aliyeshiriki katika majadiliano, alikuwa na yake: mtu wa kawaida hajui memcpy ni nini, ajua tu kwamba jana sauti ilikuwa safi na leo imeharibika. Mwishowe glibc iliacha programu zilizokwisha tengenezwa ziendelee kupata tabia salama, na zile zinazotengenezwa upya zikapewa kazi ya haraka. Kwa hiyo hukumu haikuangukia upande mmoja. Kitabu kilithibitishwa kuwa sahihi, na waliokipuuza hawakutupwa.

Kinyume cha kisa hicho kilitokea mwaka wa 2018, nacho kilikuwa kizito zaidi. Programu inapoandika habari, haiandiki moja kwa moja katika diski. Habari hukaa kwanza katika kumbukumbu. Mwito uitwao fsync hukiamuru kiini kuzifikisha habari hizo katika diski, na kutoa taarifa kama kazi imeshindikana. PostgreSQL, hifadhidata huria inayotunza hesabu na kumbukumbu za mashirika mengi, ilitegemea mwito huu kwa miaka mingi, kwa fikira kwamba fsync ikishindwa, inatosha kuurudia. Ikagunduliwa kwamba katika Linux, kiini kikishindwa kuandika, kilitoa taarifa ya kosa mara moja, kisha kikazihesabu habari zile kana kwamba zimekwisha hifadhiwa. Mwito wa pili ulijibu kwamba mambo ni salama, hali habari hazikufika katika diski kamwe. Ukurasa wa mwongozo ulikuwa umeorodhesha makosa ambayo fsync huweza kuyarudisha. Haukusema, baada ya kosa, habari zenyewe ziko wapi. Kila neno lililoandikwa lilikuwa kweli, na waliojenga juu yake walijenga juu ya neno ambalo halikuandikwa. Katika Februari 1973 kimya cha namna hiyo kingalimfanya mtu aingie chumba cha pili kuuliza. Katika 2018 kiliingia ndani ya hazina za watu wasiojuana. Matoleo ya PostgreSQL ya Februari 2019 yaligeuzwa: fsync ikishindwa, hifadhidata hujisimamisha na kujirekebisha kutokana na daftari lake la matukio, badala ya kuamini jibu la pili.

Miradi mbalimbali ilijaribu kuziba mianya hii kwa sheria. Debian, iliyoanzishwa mwaka wa 1993, iliamuru kwamba kila programu iliyo katika mkusanyo wake iwe na ukurasa wa mwongozo, na ukikosekana, upungufu huo uhesabiwe kuwa kasoro kama kasoro nyingine. Hapo zamani programu nyingi hazikuwa na kurasa, na watunzaji walizielekeza zote kwenye ukurasa mmoja uliosema tu kwamba programu hii haijaandikiwa maelezo. Kwa sura sheria ilitimizwa, kwa maana haikutimizwa. Na baadaye njia hiyo ilikatazwa. OpenBSD, iliyoanzishwa na Theo de Raadt mwaka wa 1995, ilikwenda mbali zaidi. Huko kurasa hukaa katika hazina moja pamoja na msimbo, na abadilishaye tabia ya amri hutazamiwa kubadilisha ukurasa wake. Kosa la maandishi huchukuliwa kwa uzito ule ule wa kosa la programu. Mwaka wa 2010 mradi huo ulianza kutegemea mandoc, programu iliyoanzishwa na Kristaps Dzonsons na kuendelezwa na Ingo Schwarze, ambayo huzisoma alama za mdoc na kumwonya mwandishi anapokosea mpango. Mashine haiwezi kujua kama sentensi ni ya kweli, ila yaweza kujua kwamba kichwa kimesahauliwa au kiungo chaelekea pasipo kitu, na hivyo humwachia binadamu kazi iliyo ya kibinadamu.

Ukweli, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni wazi wa maneno. Ufupi wa kurasa za kale ulisifiwa na wajuzi na kuwatesa wanagenzi, maana ulieleza kila chaguo pasipo kuonyesha amri moja iliyokamilika. Mradi wa tldr-pages, ulioanza mwaka wa 2013, ulizaliwa na malalamiko hayo. Kila ukurasa wake huwa na mifano michache tu, isiyozidi minane, na juu ya kila mfano sentensi moja isemayo wafanya nini. Mwanafunzi hunakili, hubadilisha jina la faili, na kazi huenda. Lakini mfano ni shahidi mwenye kusahau. Maelezo ya jumla huweza kubaki kweli baada ya programu kubadilika kidogo. Mfano hubaki kweli mzima, au huwa uongo mzima. Hivyo kadiri mwongozo unavyokuwa rahisi kusomeka, ndivyo unavyodai mtunzaji asiyelala.

Jambo hilo laonekana vema zaidi katika tafsiri. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliwapa wasemaji wa Kiswahili Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, na kwa kufanya hivyo ulilazimika kuamua istilahi ambazo hazikuwa zimezoeleka katika kalamu. Kazi ya namna hiyo haina mwisho, kwa sababu asili haisimami ikingoja. Watafsiri wa kurasa za mwongozo katika lugha nyingine wamejitungia dawa. Chombo kiitwacho po4a huikata asili vipande vipande na kulinganisha kila kipande na tafsiri yake. Kipande cha asili kikibadilika, tafsiri yake ya zamani huwekwa kando, na msomaji huonyeshwa asili mpaka mtafsiri atakaporudi. Na ukurasa ambao chini ya asilimia 80 yake imetafsiriwa kwa kawaida hautolewi kabisa. Huenda ukurasa wenye lugha mbili ukaudhi jicho. Lakini waliobuni utaratibu huo waliona kwamba heri msomaji akutane na lugha asiyoipenda kuliko kudanganywa katika lugha yake mwenyewe.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu kurasa zile za kwanza zipangwe, na swali la mwanzo halijapata jibu moja. Kule Murray Hill programu ilirekebishwa ili ilingane na sentensi nzuri. Katika kisa cha memcpy kitabu kilishinda kwa hoja na mazoea yakapewa nafasi. Katika kisa cha fsync si kitabu wala si programu iliyosema uongo kwa kinywa chake. Kimya kilichokuwa kati yake ndicho kilichopoteza. Lililo moja katika visa vyote ni kwamba mwongozo ni ahadi. Mtungaji asiyeonekana humwahidi msomaji asiyemjua kwamba neno hili litafanya hivi, na msomaji, asiye na njia ya kumwuliza, huweka kazi yake yote juu ya ahadi hiyo. Ndiyo maana ile desturi ya mwaka wa 1971 bado yafaa kukumbukwa: kuweka tarehe juu ya ukurasa, kukiri kasoro chini yake, na kumhesabu yule aliyeigusa programu mara ya mwisho kuwa ndiye mwenye kuijibia.